Fort Benning: Baada ya Mruko wa Kwanza

Kusini-mashariki mwa Marekani uko mto uitwao Chattahoochee, ambao kwa sehemu kubwa ya safari yake ndio mpaka baina ya jimbo la Georgia na jimbo la Alabama. Kwenye ukingo wa mto huo, jirani na mji wa Columbus, ipo kambi ya jeshi ya Fort Benning. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1918, na eneo lake ni kubwa hata linavuka mto na kuingia Alabama. Nchi hiyo ni ya udongo mwekundu na misitu ya misonobari, na wakati wa kiangazi joto lake huambatana na unyevu mzito, mfano wa ule wa pwani yetu kabla ya masika.

Mgeni anayeingia huko huona mapema minara ya chuma iliyochomoza juu ya miti. Kila mmoja una kimo cha futi 250, yaani mita 76 hivi. Ni ya aina ile iliyowaburudisha watu katika maonyesho makubwa ya New York mwaka 1939, walipokuwa wakipandishwa juu na kuteremshwa kwa miavuli kwa ajili ya mchezo. Jeshi liliona kuwa mchezo huo una manufaa, likajenga minara minne. Mmoja ulivunjwa na kimbunga mwaka 1954, na mitatu iliyobaki imekuwa alama ya mahali hapo. Chini yake ndipo wanapofundishwa askari wa miavuli wa Marekani.

Habari nyingi zinazoandikwa juu ya askari hao huishia pale mtu anapotoka mlangoni mwa ndege kwa mara ya kwanza. Msomaji huoneshwa moyo unaodunda, upepo mkali, mwavuli unaofunguka, kisha habari ikamalizika. Lakini walimu wa Fort Benning hawamhesabu mtu huyo kuwa askari wa mwavuli. Kwao mruko wa kwanza ni mmoja tu kati ya mitano, na ile minne inayofuata ndiyo inayoonesha kama mtu anaifaa kazi hiyo ama haifai.

MAFUNZO YA ARDHINI

Mafunzo huchukua muda wa wiki tatu. Wiki ya kwanza mwanafunzi hapandi kitu chochote cha kutisha zaidi ya mnara wenye kimo cha futi 34, na sehemu kubwa ya wakati wake huipitisha akijifunza kuanguka. Neno hilo huwachekesha wageni, kwa kuwa hata mtoto mdogo anajua kuanguka. Lakini kuanguka kwa askari wa mwavuli kuna utaratibu wake. Miguu hubanwa pamoja, magoti hukunjwa kidogo, kidevu hushikizwa kifuani. Mwili hutakiwa kugusa ardhi katika sehemu tano zinazofuatana: nyayo kwa mbele, ubavu wa muundi, ubavu wa paja, tako, na mwisho nyama za ubavu wa mgongo. Kwa njia hiyo kishindo hugawanywa mwili mzima, kisiubebeshe mfupa mmoja mzigo wa yote.

Wakufunzi huvaa kofia nyeusi na huitwa kwa jina la kofia hizo. Mwanafunzi hatembei mbele yao, bali hukimbia kila aendako, na kosa dogo hulipwa kwa kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono mara kadha wa kadha. Wiki ya pili ni ya minara na ya vyombo vya kumning'iniza mtu hewani. Wiki ya tatu ndiyo ya ndege.

Mpango wenyewe ulianza pale pale mwaka 1940. Kikosi cha majaribio cha askari wa kujitolea kilikusanywa chini ya Luteni William Ryder, na tarehe 16 Agosti mwaka huo Ryder akawa wa kwanza kuruka. Askari aliyepangwa kumfuata aliganda mlangoni, asiweze kutoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Private William King. Tangu siku hiyo ya kwanza, basi, ilijulikana kuwa mazoezi yote ya ardhini hayawezi kumwapia mtu kwamba atatoka pindi mlango utakapofunguliwa. Kazi hii ni ya hiari, na anayekataa kuruka huondolewa shuleni.

DAKIKA MOJA YA HEWANI

Ndege huruka kutoka uwanja wa Lawson uliomo kambini, huvuka mto, kisha huelekea kwenye uwanja wa kutulia uitwao Fryar, upande wa Alabama. Askari huketi kwa safu, na kila mmoja ana mwavuli mkubwa mgongoni na mwingine mdogo wa akiba tumboni. Msimamizi wa mruko hutoa amri moja baada ya nyingine: jitayarisheni, simameni, pachikeni kamba. Kila mtu hupachika kulabu ya kamba yake kwenye waya uliotandazwa ndani ya ndege. Kamba hiyo ndiyo itakayoufungua mwavuli, hata kama mwenyewe amepoteza fahamu kwa woga.

Baada ya hapo watu hukaguana. Aliye nyuma kabisa humpiga kofi aliye mbele yake kumjulisha kuwa mambo ni sawa, naye humpiga wa mbele yake, mpaka habari imfikie aliye wa kwanza, ambaye humnyoshea mkono msimamizi na kumwambia kuwa wote wako tayari. Taa nyekundu huzimika, ya kijani huwaka, nao hutoka.

Kimo cha kurukia ni kama futi 1,250, yaani mita 380. Anayetumia mwavuli wa sasa uitwao T-11 huhesabu mpaka sita. Kama hajahisi kuvutwa kwa nguvu, hufungua ule wa akiba. Safari yote ya kwenda chini huchukua kama dakika moja. Kisha ardhi hufika, na mtu hufanya yale aliyoyafanya mara nyingi katika wiki ya kwanza.

Hapo ndipo huanza yale ambayo mara nyingi hayasimuliwi. Kazi ya kwanza ya aliyetua ni kuufungua mwavuli upande mmoja wa mabega, ili upepo usiujaze tena na kumburura. Kisha hujitazama mwili kama yu mzima. Kisha huukusanya mwavuli, huutia katika mfuko wake, huubeba begani, na kwenda mbio hadi mahali pa kukutania, naye amejaa vumbi ama matope. Hapigiwi makofi wala vigelegele. Mkufunzi aliyeko uwanjani humwuliza kwa nini anakawia.

MARADHI MAWILI

Wahenga walisema kuwa kuanza ndiko kugumu. Katika kazi hii wengi waliopita huko husema kinyume chake, kwamba mruko wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mara ya kwanza mtu hajui anachokiendea. Mwili wake unafuata amri, masikio yamejaa mngurumo, na kabla hajapata nafasi ya kufikiri amekwisha kuwa nje. Wengine hukiri kwamba hawakumbuki vema yaliyotokea baina ya mlango na kufunguka kwa mwavuli.

Mara ya pili anajua. Anajua ukali wa upepo wa mlangoni, anajua muda wa kuhesabu ulivyo mrefu kwa mtu asiyekanyaga kitu, na anajua ardhi inavyopiga. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Zaidi ya hayo, katika wiki ya kuruka mna kungoja kwingi. Hali ya hewa ikiwa mbaya, au upepo ukizidi, wanafunzi huketi kwenye mabenchi wakiwa wamefungwa mikanda kwa saa nyingi, hawawezi hata kujinyosha. Ni katika kungoja huko ndipo hofu humfikia mtu, akiwa hana la kufanya.

Hofu ni maradhi ya kwanza. Maradhi ya pili ni majivuno, na wakufunzi huyachunga zaidi. Aliyetua salama mara mbili au tatu hujiona amekuwa fundi. Huanza kuitazama ardhi inayomjia na kuinyoshea mguu mmoja ili aiwahi, ama kuweka mkono kuzuia anguko. Mguu ulionyoshwa peke yake huvunjika, na mkono vivyo hivyo. Ndiyo sababu kabla ya mruko wa tano mwanafunzi hurudishwa kwenye yale yale aliyofundishwa siku ya kwanza, ingawa anaona amekwisha kuyamaliza. Baadhi ya miruko hufanywa na mizigo ya vita, na huweza kufanywa usiku, ambapo macho hayasaidii sana na kinachobaki ni mazoea ya mwili.

Dawa ya maradhi yote mawili ni moja: kufuata utaratibu kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Mwoga anayeshika utaratibu hutua salama, na hodari anayeudharau huchukuliwa kwa machela.

WALIONGOJA MLANGO UFUNGULIWE

Fort Benning ina kumbukumbu nyingine inayostahili kuelezwa, kwa kuwa inawahusu watu waliokuwa na kizuizi kikubwa kuliko mlango wa ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuwa likiwatenga askari Weusi. Walikuwamo kambini, lakini kazi zao zilikuwa za ulinzi, upishi na uchukuzi, na katika miavuli hawakuwa na nafasi.

Miongoni mwao alikuwamo Walter Morris, sajini wa kompania iliyolinda shule ya miavuli. Alisimulia baadaye kwamba wafungwa wa vita wa Kijerumani na Kiitaliano waliweza kuingia katika duka la kambi ambamo askari Weusi hawakuruhusiwa. Alipoona watu wake wamevunjika moyo, aliwakusanya kila jioni baada ya wanafunzi Wazungu kuondoka uwanjani, wakafanya mazoezi yale yale waliyoyaona mchana: kukimbia, kuruka kutoka kwenye vielelezo vya ndege, na kuanguka. Hawakuwa na ahadi yoyote. Jenerali Ridgely Gaither, aliyekuwa mkuu wa shule hiyo, aliwaona, akamwita Morris kumwuliza maana ya jambo hilo, na Morris akapata kujua kwamba kulikuwa na shauri la kuunda kikosi cha miavuli cha Weusi.

Watu wa kwanza wa kikosi hicho, wasiofikia 20, walitunukiwa mabawa yao mwezi Februari 1944. Kikosi kilipokua kikawa batalioni ya 555. Watu hao walitazamia kupelekwa vitani Ulaya. Badala yake, mwaka 1945 walipelekwa Pendleton katika jimbo la Oregon, magharibi kabisa mwa nchi, kupambana na mioto ya misitu, kwa sababu Wajapani walikuwa wakirusha mabaluni yenye mabomu yavuke bahari na kuiunguza misitu hiyo. Iliwapasa kujifunza upya mengi ya waliyoyajua. Askari wa mwavuli hufundishwa kuikwepa miti; wao walifundishwa kuilenga, kwa kuwa juu ya tawi ni salama kuliko kwenye mawe ya mlimani, kisha kuteremka kwa kamba waliyoichukua katika mfuko wa suruali. Mmoja wao, Malvin Brown, alianguka kutoka mtini na kufariki mwezi Agosti 1945. Waliruka zaidi ya mara 1,000 katika kazi hiyo, na sehemu kubwa ya wananchi hawakujua.

Hayo yalikuwa ndiyo yaliyofuata mruko wao wa kwanza. Hawakuchagua mahali pa kutumia ujuzi wao, lakini waliutumia mahali walipopelekwa. Mwezi Januari 1946 walipita katika gwaride la ushindi mjini New York pamoja na divisheni ya 82, na miaka michache baadaye utengano ukafutwa jeshini.

Mlango mwingine ulifunguliwa tarehe 14 Desemba 1973, wakati Joyce Kutsch na Rita Johnson walipokuwa wanawake wa kwanza kuhitimu mafunzo ya Fort Benning. Walipita katika utaratibu ule ule, na waliruka miruko mitano ile ile.

MKONO UNAOKUNJA

Kuna watu wengine ambao aliyetua salama huwakumbuka zaidi kadiri miruko inavyozidi. Mwavuli uliotumika hupelekwa kwa wakunjaji, ambao huvaa kofia nyekundu. Huukung'uta majani na mchanga, huukagua mshono kwa mshono, hutandaza kitambaa juu ya meza ndefu, hunyosha kamba moja moja, kisha huukunja kwa hatua zilizopangwa, na hatua huthibitishwa kabla ya kuendelea na nyingine. Mkunjaji hutia sahihi kwa kila mwavuli alioukunja, hivyo kosa lake haliwezi kupotea miongoni mwa watu wengi. Tena yeye mwenyewe ni askari wa mwavuli, na wakati wowote anaweza kuamriwa achukue mwavuli mmoja alioukunja kwa mikono yake na kuruka nao.

Mama wa nyumbani aliyepata kukunja nguo kwa haraka akijua kuwa atazinyosha tena kesho, ataelewa tofauti ya kazi hiyo. Kinachokunjwa pale hakiwezi kurudiwa. Mruko wa kwanza mwanafunzi huamini kuwa ujasiri wake ndio uliomfikisha. Kufika wa tano huwa amefahamu kuwa amefikishwa na rubani, msimamizi, mkunjaji, na yule mwenzake wa nyuma aliyemkagua kamba.

MABAWA, NA WALIOKO NYUMBANI

Aliyemaliza miruko mitano hutunukiwa nembo ya fedha yenye mwavuli na mabawa mawili, iliyochorwa na Kapteni William Yarborough mwaka 1941. Siku hiyo wazazi, wake, waume na watoto huruhusiwa kufika, na mara nyingi mkono unaobandika nembo kifuani ni wa mama au wa mke. Desturi hii inastahili, kwa sababu aliyebaki nyumbani ameogopa kwa muda wa wiki tatu bila kupewa nembo yoyote.

Hata hivyo nembo si mwisho. Askari akifika katika kikosi chake, kama vile divisheni ya 82 iliyoko Fort Bragg, jimbo la North Carolina, hukuta kwamba bado anahesabiwa kuwa mgeni na hutaniwa mpaka aruke pamoja na wenzake kwa mara ya kwanza. Kuna malipo ya ziada ya kila mwezi kwa hatari ya kazi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili yalikuwa dola 50 kwa askari wa kawaida na 100 kwa maofisa. Lakini anayetaka kuendelea kulipwa hana budi kuruka walau mara moja katika kila miezi mitatu. Ili nembo yake iongezewe nyota akiwa askari mwandamizi, huhitaji miruko 30, na ili aitwe bingwa huhitaji 65, pamoja na masharti mengine ya usimamizi na miaka ya utumishi. Hata raia wanaoruka kwa mchezo nchini Marekani wana desturi kama hiyo: mara ya kwanza wengi wao hufungwa kifuani mwa mwalimu, na leseni ya daraja la chini kabisa hupatikana baada ya miruko 25.

Mji wa Columbus unajua pia yanayofuata mabaya kuliko kuvunjika mguu. Mwezi Novemba 1965 vikosi vilivyotoka Fort Benning vilipigana vita vikali katika bonde la Ia Drang, Vietnam. Jeshi halikuwa limejiandaa kwa wingi wa vifo hivyo, na simu za maandishi za kuwaarifu wajane zilikabidhiwa madereva wa teksi wazipeleke mlango kwa mlango. Julia Moore, mke wa Luteni Kanali Harold Moore aliyeongoza mapigano hayo, alizifuata nyumba hizo kuwafariji waliofiwa, akahudhuria mazishi, na kulalamika mpaka utaratibu ukabadilishwa, habari ya msiba ikawa inapelekwa na ofisa pamoja na kasisi. Kati ya mwaka 2023 na 2025 kambi hiyo iliitwa Fort Moore kwa heshima ya mume na mke hao, kabla ya kurudishiwa jina la Benning.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo mara nyingi hutumiwa kumzuia mtu asijitie hatarini. Huko Fort Benning wameijibu kwa njia nyingine: kumfundisha shujaa kuanguka, kumkagua kamba, kumkunjia mwavuli kwa uangalifu, na kumrudisha kwenye somo la kwanza kila anapodhani amelimaliza, ili kilio kisifike nyumbani kwa uzembe. Mruko wa kwanza mtu yeyote mwenye moyo anaweza kuufanya. Jamaa wa askari, polisi au mlinzi wa usiku wanamtegemea yule anayeifunga mikanda yake vema mara ya 30 kama alivyoifunga mara ya kwanza.